Nilimwambia ni ya shule tu

BARUA

Shikamoo Mama,

Nasoma stashahada ya uandishi wa habari hapa Iringa, mwaka wa pili. Nimesita kukuandikia kwa sababu naona wengi wanakuletea mambo ya ndoa na mirathi, na langu linamhusu mama mmoja ambaye hata si ndugu yangu, na sauti yake iliyomo kwenye simu yangu. Lakini silali vizuri, na kwa mwalimu naona aibu kwenda.

Kozi yetu inamtaka kila mwanafunzi afanye kazi moja ndefu ya uchunguzi kabla ya kumaliza. Nilichagua lumbesa, maana nimekulia kwenye viazi mviringo. Baba yangu amelima viazi maisha yake yote na ameuza kwa lumbesa maisha yake yote, kila msimu analalamika na kila msimu anafungasha vilevile. Kwa asiyelijua, lumbesa ni gunia lililojazwa hadi mdomoni kisha likaongezewa kichwa cha viazi juu, kikashikiliwa kwa kamba, likasimama kama mtu aliyevaa kilemba. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja.

Mwezi wa sita nilipanda basi hadi Njombe, nikachukua bodaboda kwenda kijiji ambacho sitakitaja. Baridi ya huko unaijua. Nilifika senta nimevaa blauzi ya mikono mifupi, natetemeka, na mama mmoja aliyekuwa anashona magunia akavua sweta lake akanipa kabla hata hajaniuliza natokea wapi. Nikamsalimu "kamwene", akacheka. Aliniita mwanangu kuanzia pale hadi naondoka.

Mama huyu ana shamba lake dogo, ila msimu wa kuuza anafanya kibarua kwa dalali. Anachambua viazi, anashindilia, anashona mdomo wa gunia kwa shazia na kamba ya katani. Malipo ni kwa gunia. Nilikaa naye siku mbili. Nilimweleza kwamba mimi ni mwanafunzi, nikaomba kumrekodi. Akaniuliza, "Itatoka redioni?" Nikamwambia, "Hapana mama, ni ya shule tu." Akasema basi sawa.

Siku ya pili jioni tulikuwa jikoni kwake tunakula viazi vya kuchemsha kwa chumvi, simu nimeilaza kwenye mkeka karibu na goti langu, akaanza kusema mambo ambayo sikumuuliza. Kwamba kuna kiongozi mmoja pale kijijini ambaye huhesabu magunia yanapopakiwa kwenye fuso, na usiku anapelekewa chake kwa kila gunia ili asikione kichwa. Akataja kiasi. Akataja jina. Anajua kwa sababu yeye ndiye anayetumwa kupeleka. Lile gunia analiita "bwana harusi". Akasema, "Leo nimewavisha vilemba mabwana harusi arobaini, mwanangu, na hakuna hata mmoja aliyenilisha pilau." Nilicheka hadi machozi. Simu ilikuwa inarekodi.

Asubuhi yake niliomba mizani kwa mwenye mashine ya kusaga, tukapima gunia la mkulima mmoja aliyekubali. Kilo 143. Alikuwa amelipwa sh 60,000, bei ya gunia la kilo 100.

Sasa niko fildi, kama tunavyoyaita mafunzo kwa vitendo, kwenye redio moja ya huku Nyanda za Juu Kusini. Wiki tatu zilizopita mhariri alituuliza wanafunzi kila mmoja ana nini mkononi. Nikamsikilizisha dakika nne. Alivua miwani. Akasema, "Mdogo wangu, hii siyo kazi ya shule. Hii ni habari." Anataka irushwe kabla msimu haujaisha. Sauti itabadilishwa kwa kompyuta, jina halitatajwa, kijiji hakitatajwa. Akaongeza, bila kuahidi, kwamba mtu anayeleta kitu cha namna hii haachwi aondoke hivihivi fildi ikiisha. Mama, ajira za sasa unazijua.

Nilimweleza kuhusu ahadi yangu. Akasema nilimwahidi nikiwa mwanafunzi, na sasa nimeshakuwa mwandishi. Akasema wakulima maelfu wanapunjwa kila siku huku mimi nabembeleza hisia za mtu mmoja. Sikuwa na la kumjibu na hadi leo sina. Baba yangu ni mmoja wa hao maelfu.

Ile sauti iliyobadilishwa nilimsikilizisha mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja, ambaye kwao ni kata ya jirani na pale. Hata dakika haikuisha. "Si yule mama wa magunia huyu?"

Kingine kidogo: siku naondoka dalali alinipa elfu ishirini, ya soda na nauli. Nilipokea, giza lilikuwa linaingia na bodaboda anataka hela yake. Hilo si tatizo, nalitaja tu ili ujue yote.

Mwaka jana tulikuwa kwenye ziara ya mafunzo, tukapita Nyololo, mwalimu akatuambia hapa ndipo alipouawa mwandishi Daudi Mwangosi, na kwamba kazi hii si ya waoga. Sentensi hiyo naisikia kila usiku. Je, mimi ni mwoga ninayejificha nyuma ya maadili? Siwezi tena kutofautisha.

Yule mama amenipigia mara mbili wiki hii. Ya kwanza ilinipita. Ya pili niliitazama ikiita mpaka ikakata. Baadaye akatuma ujumbe: "Mwanangu umefaulu?"

Nifanyeje?

Mwanafunzi, Iringa

JIBU

Marahaba mwanangu,

Nianze kwa kuwaeleza wasomaji nilichoifanyia barua yako kabla ya kuichapa. Wilaya nimeigusa kidogo. Siku ulizokaa kijijini nimezibadili. Na lile neno "bwana harusi" si lake. Alilosema yeye ni tamu zaidi, na wewe mwenyewe umekubali libaki kati yetu. Tumeandikiana mara tatu kwa ajili ya neno moja. Zamani nilichapa barua ya mzee fulani, nikatoa jina, nikatoa kijiji, nikaacha kwamba ana mbuzi kumi na saba na mmoja wao ana pembe moja. Wiki haikuisha mkwe wake akabisha hodi. Tangu hapo nawaogopa mbuzi kuliko majina.

Mimi nilianzia kwenye chumba cha habari kabla sijawa mshauri, ndiyo maana barua yako waliniletea mimi. Nimeisoma hivi: kuna mama anayekudai ahadi, kuna wakulima, baba yako akiwemo, wanaokudai ukweli, na kuna wewe unayetaka maisha yako yaanze. Sioni hata mmoja hapo anayedai kisicho chake. Kwa hiyo usijishangae kukosa usingizi.

Tuanze na ile hoja ya mhariri wako iliyokunyamazisha, kwamba mwanafunzi ndiye aliyeahidi na mwandishi hakuahidi kitu. Mimi ningerudi kwenye swali la mama mwenyewe. Hakukuuliza cheo chako. Aliuliza, "Itatoka redioni?" Huyo ni mtu anayeijua redio, anajua inasikika jikoni kwa nani na kwenye duka la nani, akaweka mpaka hapohapo. Wewe ukamjibu palepale kwenye mpaka. Nchini kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na moja ya misingi yake ni kwamba taarifa za mtu zikichukuliwa kwa lengo moja zisihamishiwe kwingine bila ridhaa yake. Sikutajii sheria ili kukutisha. Nakuonyesha tu kwamba jambo unaloliona kama unyonge wako wa moyo wengine wameshaliona zito kiasi cha kulitungia sheria.

Lakini na wewe nikuulize mambo mawili, na usiyajibu haraka. Simu ilikuwa kwenye mkeka, karibu na goti lako. Je, mama alikuwa bado anaikumbuka? Mchana aliiona mkononi mwako, hilo sawa. Usiku, moto ukiwa unawaka, viazi viko kwenye sinia, mtoto wa watu uliyevaa sweta lake unacheka mbele yake, nafikiri alikuwa anaongea na wewe, simu ameshaisahau. Unajua hivyo pia, kwa sababu barua yako inasema "simu ilikuwa inarekodi" kwa namna ya mtu anayeungama. La pili, hata hiyo "shule tu" ina uwazi gani? Kazi yako itasomwa na msimamizi, pengine utaiwasilisha mbele ya darasa zima, na darasa hilo lina watu wa kata ya jirani. Umeshamwona mmoja, mnalala chumba kimoja. Kwa hiyo usidhani kwamba ukiinyima redio umemaliza. Njia ya shule nayo inahitaji kufungwa mlango.

Sasa kompyuta. Inabadilisha unene na wembamba wa sauti. Haibadilishi utani, haibadilishi pale mtu anapovuta pumzi, haibadilishi namna anavyomalizia kusema kwa kucheka. Lakini tuseme inaweza. Tuseme hatumsikii kabisa, wewe mwenyewe unasoma kwa sauti yako: "Redio hii imeelezwa kwamba kiongozi mmoja hulipwa kwa kila gunia." Yule kiongozi akisikia atajiuliza nani anajua, na hesabu yake haitachukua muda, maana anayempelekea hela ni mmoja. Dalali naye atakumbuka binti aliyekaa siku mbili na mshona magunia wake. Hilo ndilo jambo ambalo sijaliona likijibiwa popote katika mipango ya mhariri wako. Wanaficha sauti, wanaficha jina, na habari yenyewe ndiyo inayomtaja.

Na kuna zito zaidi. Kwa maneno yake mwenyewe mama huyu ndiye mpelekaji wa rushwa. Nadhani hakujua kama alikuwa anakiri kosa, alikuwa anakusimulia siku yake. Tuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini ulinzi wake ni kwa anayetoa taarifa kwa mamlaka husika. Aliyemsimulia mwanafunzi jikoni hana mwavuli huo.

Najua sasa unafikiri ninakuambia uifute. Hapana. Baba yako amenikaa kichwani tangu nilipoisoma barua yako. Chukua namba zako mwenyewe: sh 60,000 kwa kilo 100 ni sh 600 kwa kilo. Kwa kilo 143 inakuwa kama sh 420. Kilo 43 zimeondoka bure, na kwa bei ileile ni sh 25,800 kwa gunia moja. Zidisha kwa magunia ya msimu mzima, uone ni bati ngapi, ni ada ya nani. Sheria ya vipimo inataka mazao yauzwe kwa mizani na kifungashio kisizidi kilo 100, kila mtu senta anajua, na bado fuso linaondoka na vilemba vyake mchana kweupe. Mhariri ana haki ya kutaka lisemwe. Angekuwa hataki ningemshangaa.

Ninachojiuliza ni kama lazima lisemwe kwa mgongo wa mama huyu. Darasani bila shaka mlisimuliwa Watergate, kashfa iliyomng'oa Rais Nixon wa Marekani, waandishi wa gazeti la Washington Post na mtu wao wa siri. Kinachosimuliwa sana ni kwamba Bob Woodward na Carl Bernstein walitunza jina lake zaidi ya miaka 30, mpaka mwaka 2005 Mark Felt, aliyekuwa mtu wa pili kwa cheo ndani ya FBI, shirika la upelelezi la huko, alipojitokeza mwenyewe. Kisichosimuliwa sana ni masharti yake: hakutaka kunukuliwa hata bila jina, na kazi yake kubwa ilikuwa kuthibitisha waliyoyapata kwingine na kuwaelekeza pa kutazama. Habari ilisimama kwa miguu ya watu wengine na makaratasi mengine. Alikuwa mkubwa wa FBI na bado waliona hatari ya kumweka mbele. Wako anashona magunia kwa malipo ya gunia.

Kwa hiyo mama anaweza kuwa mtu aliyekuonyesha njia tu. Una gunia lililopimwa, na mwenye gunia alikubali. Unaweza kupima kumi mengine, katika vijiji vitatu, ili hata kijiji chake kisijulikane. Unaweza kuwauliza madereva wa fuso, maofisa wa vipimo, wanunuzi wa huko viazi vinakopelekwa, na siku ya mwisho viongozi wa vijiji vyote hivyo, kila mmoja apewe nafasi ya kujibu. Baba yako je? Yeye anaweza kuongea kwa jina lake akitaka, aeleze kwa nini analalamika na kufungasha vilevile, maana nahisi hapo kuna habari ambayo hujawahi kumuuliza. Ukimtumia, wasikilizaji waambiwe kwamba ni baba yako, au amhoji mwenzako.

Njia hii ina gharama yake. Itachukua muda, na msimu unaisha. Habari ya lumbesa imeshasemwa sana, na mhariri anaweza kukuambia, kwa haki kabisa, kwamba bila yale malipo ya usiku hujaleta jipya. Huenda usipate wa pili wa kulithibitisha hilo, na yule bwana akaendelea kuhesabu magunia mwakani. Ukiichagua njia hii, ujue kwamba na hilo umelichagua.

Kuna kurudi kwa mama mwenyewe. Hapa nitakuuliza kwa upole: umejuaje kwamba atakataa? Barua nzima umemlinda kama yai, hujasema popote kwamba umemuuliza. Inawezekana amechoka na yale mabahasha ya usiku kuliko wewe. Inawezekana alikuwa anatafuta sikio la kuliambia, likaja limevaa blauzi ya mikono mifupi. Mtu mzima ana haki ya kujiamulia hatari yake, na kumwamulia kwa huruma nako ni kumwamulia.

Ila ukirudi, uende ukijua una nguvu gani juu yake. Amekuita mwanangu. Ukimwambia "mama, nisaidie, ndiyo kazi yangu hii", atakusaidia, na atakuwa amekusaidia wewe, hilo la kutoka redioni hajalikubali hata kidogo. Mwekee rekodi aisikie yote, na yale ya usiku. Mwambie redio gani, inafika wapi, saa ngapi, na kwamba siku hizi kipande kikisharushwa kinakatwa na kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp hata miaka. Umwambie pia lile la yeye kuwa ndiye mpelekaji. Kisha uondoke bila jibu, umwache alale nalo, aongee na mtu anayemwamini. Akisema hapana, rekodi ifutwe mbele yake. Na usiende siku ya kupakia, senta ina macho.

Sasa nirudi kwenye mstari ulioukimbia.

Kuhusu yule mama umeandika kurasa, na elfu ishirini umeipa mistari mitatu ukaifunga kwa "hilo si tatizo". Mwanangu, mtu hataji jambo lisilo tatizo ili tu nijue yote. Nafahamu mazingira. Nami nimepokea, kwenye semina, kwenye uzinduzi, ikiwa ndani ya bahasha au ndani ya kiganja, ikiitwa nauli, ikiitwa mshiko, ikiitwa posho, na mwezi ule mshahara haukuwa umetoka. Maadili ya Baraza la Habari Tanzania, chombo ambacho wanahabari wenyewe walikianzisha mwaka 1995, hayaipendi hela hiyo, nawe uliyasoma ukayajibia mtihani. Lakini nikuulize kwa upande mwingine: dalali alinunua nini? Hakukuomba usiandike. Pengine ni ukarimu wa kawaida, binti wa watu, giza linaingia. Pengine ndivyo anavyofanya kwa kila anayekuja na kalamu, kama anavyofanya kwa anayehesabu magunia. Wewe uliyemsikiliza mama akieleza hela inavyofumba macho, umejikuta na hela ya mtu yuleyule mfukoni. Nahisi hilo linakunyima usingizi kuliko unavyokubali.

Kuirudisha ni rahisi kusema. Ukiituma kwa simu leo, dalali atajiuliza kwa nini, na jibu atakalolipata litaelekea kwa mama. Ukikaa nayo, siku habari ikitoka ataweza kusema, "Huyo nilimpa nauli mwenyewe, leo ananitukana." Katikati ya hayo mawili kuna kuiandika kwenye daftari lako la kazi, siku na kiasi, na kumwambia msimamizi wako wa chuo kabla haijasemwa na mwingine, halafu saa ya kuirudisha mkaipanga pamoja. Itakuwa aibu, ndiyo, na mwalimu anaweza kukukatia alama. Nadhani hii ndiyo sababu uliyosema kwa mwalimu unaona aibu kwenda.

Kuhusu Mwangosi, niongee taratibu, maana wapo wanaosoma hapa waliokuwa wakimfahamu. Tarehe 2 Septemba 2012 alikuwa Nyololo, Mufindi, akiwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari Iringa, polisi wakitawanya mkusanyiko wa Chadema, na hakurudi nyumbani. Mwalimu wako alifanya vyema kuwaonyesha pale. Lakini usiuchukue ule msiba ukaufanya fimbo ya kujichapia. Mwangosi alikwenda mwenyewe, kwa miguu yake, na mwili uliokuwa hatarini ulikuwa wake. Anachokuomba mhariri ni ujasiri ambao bili yake italetwa nyumba nyingine kabisa, kijijini, wewe ukiwa Iringa. Kama unataka kujipima uoga, jipime kwenye yale yanayokugharimu wewe: kumwambia mhariri "bado", kumwambia mwalimu kuhusu elfu ishirini, kupokea simu.

Mhariri wako simfahamu, na sitaki kumfanya mbaya. Anaona habari, ndiyo kazi yake. Mpelekee maswali badala ya kukataa. Dalali akimfukuza mama kazi, kituo kitafanya nini? Kiongozi akienda polisi kulalamika kwamba amechafuliwa, nani atasimama: kituo, au mwanafunzi wa fildi ambaye hana hata ithibati inayotakiwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016? Akikaa na kuyafikiria pamoja nawe, una mwalimu mzuri, na pengine mtapata njia ambayo mimi sijaiona. Akikwambia unachelewesha, nalo ni jibu, hasa kwa mtu anayefikiria kuomba ajira palepale.

Nakuomba pia uniambie, au ujiambie: lile faili liko wapi? Uliandika kwamba ulimsikilizisha. Hukuandika kama ulimtumia. Na sauti ile iliyobadilishwa, aliyeibadilisha aliipata kwa nani, kwenye kompyuta gani? Hilo lifuatilie leo hii, lisisubiri uamuzi mwingine wowote. Ukikuta limeshasambaa kwenye simu za watu wawili watatu pale ofisini, basi mama anatakiwa kujua hata kama habari haitarushwa kamwe.

Mpigie kwanza. Usianze na rekodi. Amekuuliza kama umefaulu, mjibu hilo, mwambie matokeo bado, muulize viazi vimetoka vipi mwaka huu. Mengine si ya kwenye simu. Utatafuta siku isiyo ya kupakia, utapanda basi. Na sweta lake, naona hukuandika kama ulilirudisha. Likiwa bado unalo, lifue, uende nalo.